Nyasi za kompaundi ya nyumba mpya: nipande sasa hivi au nisubiri mvua ya Machi?

BintiBombo
Wandugu, habari za Januari. Nyumba yetu hapa Bombo imekwisha na tumeshahamia. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, nyumba imekaa katikati, na uwazi uliobaki mbele na ubavuni nimeupima, unafika kama mita za mraba 200. Kwa sasa ni vumbi jekundu tupu. Upepo ukivuma mapazia yanabadilika rangi, na ile mvua moja ya kushtukiza iliyopita ilirusha tope ukutani mpaka usawa wa madirisha.

Mwisho wa Aprili tuna harusi ya kaka yangu, na wageni watakaa nje. Kuna kijana amenipa bei ya kupanda "kapeti" kompaundi nzima wiki ijayo, na anasema mpaka harusi itakuwa imefunga kabisa. Udongo uliopo juu ni ule uliotoka kwenye msingi na shimo la choo, mafundi waliutandaza tu wakaondoka. Bomba lipo, ila maji yanakatika. Nimpe kazi? Na nyasi zipi zinafaa? Naomba majibu ya watu waliofanya kazi hii hapa hapa Uganda.

KakaWaJinja
Mpe kijana kazi dada. Kapeti ni nzuri, haina shida. Agiza tripu ya udongo mweusi wa kinamasi, mwaga juu, panda, mwagilia asubuhi na jioni. Mwezi mmoja umemaliza.

MzeeBustani
Binti, hongera kwa nyumba. Mimi kazi yangu ni bustani za watu, upande wa Entebbe na Kajjansi, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu naona unakaribia kutoa hela. Usipande wiki ijayo.

Anza na hesabu ya maji. Ardhi ili ilowe mpaka chini kwenye mizizi inataka kama lita 10 kwa kila mita ya mraba. Maana yake jerikani moja la lita 20 linatosha mita mbili tu. Kwa mita zako 200 ni majerikani 100 kwa kumwagilia mara moja. Vipande vipya kwenye jua hili la Januari na Februari vinataka maji karibu kila siku wiki mbili za mwanzo. Hata ukivipa nusu ya kipimo hicho, ni majerikani 50 kwa siku, na mwenyewe umesema bomba linakatika. Siku mbili bila maji na kile ulicholipia kinageuka majani makavu. Huku kwetu mvua ya kwanza inaanza Machi mpaka Mei, ya pili Septemba mpaka Novemba hivi. Nyasi zipandwe mvua ikishashika, zile wiki mbili tatu za mwanzo wa msimu, ili zipate msimu wote kushika ardhi kabla jua la Juni halijaja.

Sasa usifikiri nakwambia ukae bure mpaka Machi. Kazi kubwa ni ya sasa, na ni kazi ya udongo. Ule udongo wa shimo la choo ni udongo wa chini kabisa, hauna chakula, ukilowa unateleza na ukikauka unakuwa tofali. Udongo wako mzuri wa zamani umefukiwa chini yake. Chukua jembe, chimba shimo la futi moja sehemu tatu nne tofauti, utazame ukuta wa shimo. Ukiona tabaka jekundu juu halafu rangi inageuka ya giza yenye mizizi mizee, hapo ndipo udongo wako ulipo. Kama tabaka jekundu ni la unene wa kiganja, lipige reki uliondoe, ulitumie kujazia bonde lolote la nyuma. Usinunue udongo wakati wako umelala chini ya miguu yako.

Halafu jaza maji kwenye mashimo hayo, yaache yaishe, ujaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, ardhi imeshindiliwa na magari ya mchanga na kokoto. Pale ni sululu, hakuna njia nyingine. Livunje mpaka sentimita 15 au 20.

BintiBombo
Ahsante sana mzee. Leo jioni nimechimba mawili. La mbele kabisa, karibu na geti, nimekuta rangi ya giza kama ulivyosema, chini ya kiasi cha kiganja na nusu. La ubavuni, pale walipokuwa wanachanganya zege, nimekuta kavera (mifuko ya plastiki), vipande vya matofali na simenti iliyoganda kama sahani. Jembe limegonga limerudi.

MzeeBustani
Hiyo ya ubavuni ndiyo itakayokusumbua usipoitoa yote. Simenti iliyoganda chini inazuia maji kushuka na mizizi kupita, na chokaa yake inakaa pale ikibadilisha udongo. Nyasi zitaota juu yake wakati wa mvua, utafurahi, halafu kiangazi kikiingia utaona kiraka cha njano chenye umbo lile lile la sahani ya zege. Kavera nazo zitoe kwa mkono, moja moja, hata kama inachosha. Kavera moja iliyolala imetandazwa inatosha kuua nyasi zilizo juu yake.

Ukishatoa takataka, weka mteremko. Maji yakimbie nyumba. Sentimita mbili kwa kila mita moja zinatosha, jicho halioni lakini maji yanaona. Mwite fundi yeyote wa ujenzi mwenye ule mpira wa maji wa kupimia levo, apige kamba kutoka kwenye baraza mpaka ukutani kwa jirani. Na acha ukanda wa kama futi moja na nusu chini ya paa, pale matone yanapodondokea. Pale nyasi hazishiki kamwe, matone yanachimba kila siku ya mvua. Weka kokoto. Hizo kokoto ndizo zitakazomaliza lile tope la madirishani, tena haraka kuliko nyasi zenyewe.

MamaKitalu
Naomba nichangie kuhusu udongo mweusi wa kinamasi alioutaja kaka wa Jinja. Kaka, kwa heshima yako, huo nisingeweka. Ukiwa na maji unapendeza, ukikauka unapasuka nyufa unaweza kuingiza kidole. Na unakuja na ndago. Ndago ukiileta mara moja umeileta kwa maisha, ile mbegu yake ya chini inakaa imejificha, ukivuta majani inabaki na kutoa mengine. Pamoja na hayo, kuchimba udongo kwenye ardhioevu kunahitaji kibali, na wengi wanaoleta tripu usiku hawana. Vile vinamasi ndivyo vinavyotushikia maji ya mvua tusifurike.

Dada Binti, changanya udongo wako ule ule wa giza na samadi iliyooza. Sio ya jana. Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi miwili mitatu imefunikwa, ukiishika haina joto wala harufu kali. Ya kuku ni kali zaidi, ikiwa mbichi inaunguza. Kama unapata makapi ya kahawa kwenye kinu, yachukue, lakini yawe yameanza kuoza na kuwa meusi.

Na sasa siri yangu ya kupunguza gharama: usinunue nyasi za mita 200. Nunua gunia moja mbili sasa hivi, utengeneze kitalu kidogo nyuma ya jiko, tuseme mita mbili kwa mita tatu. Hicho unaweza kukinywesha hata maji ya kusuuzia vyombo na nguo, yale yasiyo na sabuni nyingi. Kufika katikati ya Machi kitakuwa kimejaa shina zinazotambaa, unazikata vipande na kuzitandaza. Ukipanda kila sentimita 20, mita moja ya mraba inakula vipande 25, kwa hiyo mita 200 ni vipande 5,000. Ukisikia idadi hiyo utaelewa kwa nini kijana wako bei yake ni ile. Kitalu hakitakutosheleza chote, lakini kitapunguza sana utakachonunua, na utakuwa na uhakika kwamba nyasi zako hazina lumbugu ndani, lile gugu linalotambaa chini ya ardhi.

KakaWaJinja
Mama hapo kwenye ndago sikubishii, nimeiona kwa jirani. Lakini bado sijasikia mtu akisema nyasi gani. Kapeti ina ubaya gani?

MzeeBustani
Haina ubaya, inategemea pale unapoiweka. Tatizo ni kwamba watu hapa wanaita kila kitu kapeti.

Kapeti yenyewe ni ile ya jani pana, laini, inatambaa juu ya ardhi na pingili zake zinatoa mizizi. Inapenda unyevu na inavumilia kivuli kuliko wenzake. Chini ya mwembe au mfenesi ndiyo ya kupanda. Udongo wenye asidi hauiogopeshi. Lakini mizizi yake haiendi mbali, jua la Februari linaichoma haraka usipoipa maji.

Pasipalamu ndiyo utakayoiona kwenye viwanja vingi vya shule na ofisi. Jani gumu kidogo, shina nene linalolala juu ya udongo, na mizizi inayozama sana. Inavumilia jua, udongo maskini, na miguu ya watoto. Ubaya wake ni ile mikia miwili ya mbegu inayosimama kila baada ya siku chache, inataka kukatwa mara kwa mara, na kivuli kizito haikipendi. Kwa dada wa Bombo, mbele ya nyumba kwenye jua na maji ya kukatikakatika, mimi ningeweka pasipalamu bila kufikiri mara mbili. Ubavuni kama kuna kivuli cha ukuta au mti, kapeti.

Zoizia, ile yenye majani membamba kama nywele inayofanya vichuguu vichuguu, inapendeza sana kwenye kona ya maua na haihitaji kukatwa. Lakini inakwenda taratibu mno. Usiipande eneo kubwa kama una haraka ya harusi.

MkigaMlimani
Huku Kabale sisi tuna nyasi ya Kikuyu, hatununui, inaota yenyewe. Kijani kibichi mwaka mzima na inafunga kama zulia. Mbona hakuna anayeitaja?

MzeeBustani
Kwa sababu ni mtoto wa milimani, kaka. Kwenu mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ubaridi wa kwenu ndio asili yake. Huku chini karibu na ziwa tuko kwenye 1,200 hivi. Itaota, lakini haifungi kama kwenu na magonjwa ya madoa yanaiandama kwenye joto. Kabale, Kisoro, Kapchorwa, panda Kikuyu. Ila ichimbie mpaka: mfereji mwembamba au matofali yaliyozama chini kando ya vitanda vya maua, la sivyo mwaka wa pili iko juu ya waridi.

MkigaMlimani
Kweli kabisa hapo kwenye waridi. Ya kwangu imepanda mpaka kwenye uzio wa kei-epo.

MwalimuGulu
Niwakumbushe wenzetu wa kaskazini wanaosoma uzi huu: kalenda ya mzee ya Machi na Septemba siyo yetu. Gulu, Kitgum, mpaka Arua, msimu wetu ni mmoja mrefu, Aprili mpaka Oktoba au Novemba mwanzoni, na unalegea kidogo katikati, Juni na Julai. Ukipanda Oktoba umepanda kwa ajili ya kiangazi cha Desemba mpaka Machi, ambacho ni kikali. Panda Aprili mwishoni au Mei. Na kwetu mchwa ni jambo zito. Watu wanafunika vipande vipya kwa nyasi kavu ili visikauke, mchwa wanafuata hizo nyasi kavu, na wakimaliza wanaendelea na zilizo hai. Funika kwa samadi iliyooza vizuri au udongo mwepesi, uache nyasi kavu.

BintiBombo
Wandugu, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Kitalu nimeshaanza, nimepata magunia mawili ya pasipalamu kutoka kwa mtu wa hapa karibu na nimeyachambua kabla ya kupanda. Ndani nilikuta lumbugu, ile yenye mizizi myeupe myembamba iliyochongoka, nikaitoa na kuichoma.

Maswali mawili. Kwanza, eneo la mbele lina lumbugu na magugu ya kila aina. Jirani anasema nipige dawa ya glaifosati. Ni sawa? Pili, niseme ukweli kwa kaka yangu: mwisho wa Aprili kutakuwa na nini hasa?

AgronomiaMbale
Kuhusu dawa, dada. Glaifosati inaingia kupitia majani mabichi na kushuka kwenye mizizi. Ukiipiga sasa wakati lumbugu imekauka na kulala kwa jua, umemwaga hela chini. Inabidi iwe inaota, ina majani. Mwagilia sehemu yenye lumbugu, au subiri manyunyu ya kwanza ya mwisho wa Februari, majani yakishafika urefu wa kidole piga siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Kisha uache kama wiki mbili bila kugusa. Usilime siku ya pili, utakata mizizi kabla dawa haijafika. Vaa glavu, buti na kitu cha kufunika pua na mdomo, na watoto na kuku wasikanyage mpaka pakauke.

MamaKitalu
Mimi kwa mita 200 nisingetumia dawa kabisa. Una watoto, una kuku, na wengine tuna visima vya karibu. Uma wa kulimia na watu wawili wenye subira wanaitoa lumbugu yote. Usitumie jembe la kawaida kwa sababu linaikatakata, na kila kipande chenye pingili ni mmea mpya. Uma unainua mzizi mzima. Unaanika juani, unachoma.

AgronomiaMbale
Mama, kwa eneo dogo nakubaliana nawe. Nasema tu kama atapiga, apige wakati sahihi. Na dada, kama unataka kujua asidi ya udongo wako usikisie: peleka sampuli maabara ya udongo Kawanda, ni njia moja na wewe unapokuja Kampala. Chukua udongo sehemu kama kumi tofauti, kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo safi, upeleke kiasi cha nusu kilo. Watu wanamwaga chokaa ya kilimo kwa kusikia tu, na pasipalamu wala haiihitaji sana.

MzeeBustani
Swali la pili nitakujibu bila kukupamba. Ukipanda katikati ya Machi kwa nafasi ya sentimita 20 na mvua ikawa ya kawaida, mwisho wa Aprili utakuwa na kijani, mistari ikiwa imeanza kushikana, lakini udongo bado unaonekana katikati. Kufunga kabisa ni miezi miwili mpaka mitatu. Kijana aliyekuahidi imefungwa kabla ya harusi angeweza kutimiza kwa njia moja tu, kutandaza mikeka iliyokatwa na udongo wake, na hiyo bei yake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo gawa. Kile kipande ambacho bibi na bwana harusi watapigia picha, tuseme mita 30, nunua mikeka. Mingine yote panda vipande. Hema na viti viweke upande wa ukanda mgumu, karibu na geti. Nyasi changa za wiki sita hazibebi viti vya wageni mia, miguu ya viti inazama na kung'oa vipande.

Siku ya kupanda: udongo uwe umelowa tangu jana. Magunia ya nyasi yasilale, ndani ya gunia zinapata joto na kuoza, kwa hiyo zikifika asubuhi ziwe ardhini kabla ya jioni, na zikisubiri zisubiri kivulini zimenyunyiziwa maji. Piga kamba, chimba vijishimo kwa ncha ya panga, mstari wa pili uupande kwenye nafasi za wa kwanza ili maji yasipate njia ya moja kwa moja. Kila kipande kiwe na pingili mbili tatu, moja iwe chini ya udongo, majani yabaki nje. Halafu kanyaga kwa kisigino. Watu wengi wanaacha hapo. Kipande kisichoshikana na udongo kinakauka hata mvua ikinyesha.

KakaWaJinja
Mzee, na mbolea? NPK naweka lini?

MzeeBustani
Kama samadi imeingia vizuri, wakati wa kupanda usiweke kitu kingine. Wiki ya nne au ya tano, vipande vikishatoa majani mapya, weka urea gramu 10 kwa mita ya mraba, yaani kilo mbili kwa mita 200. Irushe jioni nyasi zikiwa kavu, na umwagilie mara moja au uiweke mvua ikiwa inakaribia. Punje zikilala kwenye jani lenye umande zinaacha alama za kuungua. Hiyo gramu 10 ni vijiko vya chai viwili mpaka vitatu hivi, usiongeze kwa sababu ya harusi.

MamaKitalu
Na kupalilia, mzee, usisahau. Wiki ya tatu na ya sita pita kwa magoti, ng'oa kila kisicho pasipalamu kikiwa bado kidogo. Kishona nguo kikifika maua umechelewa.

BintiBombo
Kukata je? Kijana wetu wa nyumbani ni hodari wa kufyeka, slasha yake inalia kompaundi nzima.

MzeeBustani
Mara ya kwanza asiguse kwa slasha. Slasha butu inavuta, na kipande kisichoshika mizizi kinaruka nacho. Vuta jani moja kwa vidole viwili: likikatika, mizizi imeshika, kipande kikija chote, subiri wiki nyingine. Nyasi zikifika sentimita 9 hivi, zikate kwa mkasi wa bustani au mashine yenye makali, zibaki 6. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, hata baadaye. Watu wanafyeka mpaka udongo uonekane ili wapumzike mwezi mzima, halafu wanashangaa kwa nini lumbugu imerudi. Ile nafasi ya jua ndiyo iliyoiita. Pasipalamu ibaki 5 mpaka 7.

Baada ya kukata, vile vipande vifupi viache pale pale, vinaoza na kurudisha chakula. Ufagio wa kila asubuhi uishie barazani.

MwalimuGulu
Swali la mwisho kwa mzee, na pengine dada atalihitaji pia: mbuzi na kuku wa jirani? Kwetu uzio ni wa miti tu.

MzeeBustani
Kuku ndio wabaya zaidi wiki tatu za mwanzo, wanaparua wakitafuta wadudu kwenye samadi. Mbuzi anakata juu, kuku anang'oa. Tandaza matawi yenye miba juu ya eneo, yasiyobana mwanga, mpaka vipande vishike. Kama unapata wavu wa zamani wa wavuvi, ni mzuri zaidi, uvute juu ya vijiti vifupi na kuukandamiza pembeni kwa mawe.

BintiBombo
Wavu nitaagiza kwa mjomba, yuko mwaloni Kasenyi. Kijana wa kapeti nimempigia, nimemwambia aje Machi na mikeka ya mita 30 tu, naye amekubali. Kesho tunaanza na sululu upande wa zege.